Muhogo wa Haraka

Mchele ulifika Nyangwe pamoja na Waarabu zaidi ya miaka 100 iliyopita, lakini kwetu nyumbani chakula iko bugali na sombe ya mawese. Likizo iliyopita mama alikwenda shamba, sisi wakubwa tukabaki kupikia wadogo. Muhogo mchungu unapashwa kulala ndani ya maji siku tatu ao ine, mpaka ulainike na sumu itoke. Sisi tuliuloweka usiku mmoja, tukaukausha juu ya moto, tukatwanga. (Na shuleni ndiyo sisi tunaandika majina ya wenye makosa!) Usiku mdogo wetu akatapika, kichwa kikamzunguka mpaka asubuhi. Mama aliporudi hakupiga mtu. Alionja ule unga, akaumwaga wote, akatupatia kitunga: twende mutoni. Siku ya ine ndipo tulikula.