Lewisburg: Kutoka Gwaride la Kadeti Hadi Shule ya Udaktari

Katika milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, lipo jimbo liitwalo West Virginia. Ni nchi ya vilima na mabonde membamba, na watu wake wengi wameishi kwa vizazi kadhaa kwa jasho la migodi ya makaa ya mawe. Vumbi la makaa hayo limewaachia wachimbaji wengi maradhi ya mapafu. Ugonjwa ni taabu ya kwanza. Taabu ya pili ni umbali. Mama anayeshikwa na uchungu usiku wa theluji, au mzee anayeishiwa pumzi bondeni, hana budi kuifikiria barabara kabla ya kumfikiria daktari.

Kusini-mashariki mwa jimbo hilo, karibu na mto Greenbrier, upo mji mdogo wa Lewisburg. Mgeni afikapo huonyeshwa kanisa la mawe lililojengwa mwaka 1796, na kaburi la pamoja lenye umbo la msalaba, ambamo wamelala askari wa majimbo ya Kusini wasiojulikana majina. Tarehe 23 Mei, 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, askari wa Kaskazini chini ya Kanali George Crook walipigana hapo na kuyashinda majeshi ya Jenerali Henry Heth.

Mji huo ulikuwa pia na shule ya kijeshi, Greenbrier Military School, ambayo ilifunza vijana nidhamu na gwaride hadi ilipofungwa mwaka 1972. Majengo hayo hayakuachwa yawe magofu. Mwaka 1974 waliingia wanafunzi 36 wa aina nyingine, waliokuja kujifunza udaktari. Mwaka 1976 shule hiyo mpya ikawa mali ya jimbo, na leo inaitwa West Virginia School of Osteopathic Medicine. Jengo kuu la kadeti lingali likitumika.

Udaktari unaofundishwa humo huitwa ostiopathi. Mwasisi wake, Andrew Taylor Still, alizaliwa mwaka 1828 katika milima hiyo hiyo ya Appalachia, upande wa Virginia, na alitumikia jeshi la Kaskazini katika vita vile. Mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo iliwaua watoto wake watatu, na dawa za siku zile hazikuwafaa kitu. Msiba huo ulimfanya azitilie shaka tiba alizozizoea. Mwaka 1892 alifungua shule yake ya kwanza katika mji wa Kirksville, jimbo la Missouri, na miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo walikuwamo wanawake.

Still alifundisha kwamba mwili ni kitu kimoja, na kwamba mikono ya tabibu yaweza kutambua na kutuliza kasoro za mifupa, misuli na viungo. Katika nchi nyingi mwenye ujuzi huo hutibu kwa mikono tu. Nchini Marekani, hata hivyo, yeye ni daktari kamili: huandika dawa, hupasua, huzalisha.

Heshima hiyo haikupatikana kwa urahisi. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la Marekani halikuwapa madaktari hao vyeo vya maofisa tabibu. Wengi walibaki nyumbani, wakatibu familia ambazo madaktari wao walikuwa wamekwenda vitani, na kwa njia hiyo wakajipatia imani ya wananchi. Mlango wa jeshi ulifunguliwa mwaka 1966. Miaka 30 baadaye, mwaka 1996, mmoja wao, Ronald Blanck, alishika wadhifa wa Mganga Mkuu wa jeshi la nchi kavu.

Mwanafunzi wa Lewisburg husoma miaka 2 chuoni, kisha miaka 2 mingine hufanya kazi chini ya uangalizi katika hospitali na zahanati zilizotawanyika jimboni. Huko humwona mgonjwa mahali anapoishi, na hujua ni kazi gani iliyomwumiza mgongo au kifua. Upo pia mpango maalumu kwa wale wanaokusudia kutumikia vijijini.

Hata hivyo, kazi ya shule hii haiishi siku ya kutoa shahada. Mwanafunzi wa udaktari nchini Marekani huhitimu akiwa na deni kubwa, na mishahara ya ubingwa mijini humwita. Kwa sababu hiyo serikali kuu hulipa sehemu ya deni la daktari anayekubali kutumikia penye upungufu. Lakini fedha peke yake hazimfungi mtu. Aliyezaliwa bondeni, akafunzwa bondeni, anazo sababu nyingine za kubaki: anawafahamu wagonjwa wake kwa majina ya wazazi wao.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wa milima ya West Virginia walimngoja mgeni huyo miaka mingi. Walipochoka kungoja, waliwatuma watoto wao wenyewe wakasomee uganga katika kambi ya zamani ya kadeti.