Bondia Mdogo Akipanda, Nani Hupigwa?

Ikiwa nyumbani kwenu kuna mpenzi wa ndondi, ubishi huu waujua: je, bondia mdogo akipanda hadi uzani mzito, ana nafasi gani mbele ya majitu?

Kwetu ubishi huo hauishi. Shemeji yangu, mume wa dada, hushikilia kuwa mkubwa ni mkubwa tu. "Probox ikigongana na lori, nani huenda hospitalini?" huuliza huku akimega ugali. Nami humjibu kwamba wembamba wa reli, garimoshi hupita.

Ushahidi nilikuwa nao tele. Mnamo Septemba 1985 Michael Spinks, bingwa wa pauni 175, alipanda akampokonya taji Larry Holmes, ambaye hakuwa ameshindwa katika mapigano 48. Machi 2003, Roy Jones aliingia ulingoni Las Vegas akiwa na pauni 193 dhidi ya John Ruiz mwenye 226. Alimzunguka na kumdonoa hadi raundi ya 12, akaondoka na mkanda. Tangu 1897 hakuna aliyewahi kuwa bingwa wa uzani wa kati aliyefanya hivyo. Na Mei 2024 kule Riyadh, Oleksandr Usyk wa Ukraine alimshinda Tyson Fury, aliyemzidi kimo kwa sentimita 15 na uzani kwa zaidi ya kilo 15. Usiku huo nilishangilia hadi jirani akagonga ukuta.

Kumbe kulikuwa na masikio mengine mezani. Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha nne, hufanya mazoezi ya ndondi katika ukumbi wa mtaa. Ana kilo 60. Jumapili moja nilimkuta yuko kwenye sahani ya tatu ya ugali, mayai manne kando.

"Mjomba, nataka nifike kilo 75 kabla ya likizo," akaniambia. "Uzani huo pale kwetu una mabondia wachache, taji ni rahisi. Si wewe husema mdogo anaweza?"

Nilikosa la kusema. Dada alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi, akinitazama mimi wala si mwanawe.

Basi nikamweleza kijana yale ambayo huwa nayaruka nikibishana na babake. Kwamba mwaka 1988 Spinks huyo huyo alikutana na Mike Tyson, mtu mfupi kumliko, akalazwa kwa sekunde 91. Kwamba Jones, baada ya shangwe, alilazimika kuiondoa misuli aliyoijenga ili arudi pauni 175. Novemba 2003 alimshinda Antonio Tarver kwa taabu, na Mei 2004 Tarver akamwangusha katika raundi ya pili. Wengi husema mwili wake haukurudi ulivyokuwa.

"Na Usyk?"

"Usyk hakupanda kwa ugali," nikamjibu. "Alikuwa amekwisha kutwaa mikanda yote ya uzani ulio chini ya ule mzito. Akapanda 2019, akapigana mara mbili, ndipo akamkabili Anthony Joshua mwaka 2021. Kilo zilimjia polepole, na miguu yake ikabaki myepesi. Wewe ukiongeza kilo 15 za haraka, utapanda nazo huku kasi yako umeiacha chini. Utawakuta wenye mikono mizito, nawe huna tena kilichokuwa kikikuokoa."

Akaisukuma sahani kando. "Kwa hivyo baba alikuwa sahihi?"

"Nusu," nikasema. Ilinichoma kukiri.

Siku iliyofuata tulikwenda pamoja kwa kocha wake. Mzee huyo alicheka, akamwambia abaki kilo 60 hadi mifupa ikomae.

Tangu hapo, msomaji, nikiulizwa nafasi ya bondia mdogo, kwanza huuliza anapanda na nini, na kwa nini anapanda. Akipanda na ujuzi na subira, nitamshabikia. Akipanda kwa sababu taji huko laonekana rahisi, namwonea huruma. Sisi wabishi wa mezani hatufikiwi na konde hata moja. Anayelipokea ni yule aliyetuamini.

Shemeji bado hutaja lile lori lake. Siku hizi humjibu kwa sauti ya chini, mtoto akiwa karibu.