Globe Cinema Wanashuka?

Nilipokuwa mdogo, makanga akiita "Globe Cinema wanashuka?" mimi nachungulia dirishani kutafuta sinema. Naona raundabauti na wachuuzi tu. Jina lilibaki kwa mathree, sinema ikaenda zake.

Guka ndiye alinionyesha, kwa mdomo: pazia zito, wimbo wa taifa kabla ya filamu, ukumbi wote umesimama wima, hata walevi. Hadithi zenyewe anazichanganya. Steringi wa filamu hii anafia kwa ile. Lakini kiti hakosei. Safu ya nyuma, yeye na cucu, kabla hawajaoana.

Cucu alifariki kabla sijazaliwa, na nyumbani hakuna picha yake hata moja. Kwa hivyo mimi huuliza: siku hiyo alivaa nini? Rinda la kijani, guka anasema. Wiki ijayo litakuwa la bluu, na hilo pia nitaliandika.