Fundi wa Kirinyaga Road Alivyoniokoa

Ukiteremka kutoka Moi Avenue, ukavuka Tom Mboya Street na River Road, utafika Kirinyaga Road. Wazee wangali wanaiita Grogan, jina la yule Mwingereza aliyesafiri kutoka Cape hadi Cairo. Barabara hii hunuka oili na vumbi la chuma. Ukiwa na shaka juu ya chombo chochote chenye magurudumu, mtafute fundi hapa kabla hujatoa pesa.

Nilimchukua mmoja, tukapanda matatu hadi Kileleshwa. Bwana mmoja alikuwa akiuza pikipiki ile ya starehe: kiti chini, usukani mpana, mpandaji akinyoosha miguu mbele kama wale wa Harley-Davidson za Marekani. Imetembea kilomita 6,000 tu, alisema. Mfukoni nilikuwa na akiba ya miaka mitatu, na ndani yake (mke wangu asisome hapa) karo ya muhula ujao.

Iling'aa kama sufuria ya bibi harusi. Fundi akasogeza kiganja karibu na injini, akakuta ni moto.

"Mzee, tuiache ipoe kwanza," akamwambia kwa heshima.

Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha maradhi. Iwashe ikiwa baridi, ndipo utasikia ikikohoa na kuona moshi. Ule wa buluu ni oili inayoungua. Tulipokuwa tukingoja, fundi alinionyesha mipira ya kukanyagia, imelika hadi chuma. Tairi ya nyuma nayo ilikuwa mpya. Kilomita 6,000 zilimaliza vyote hivyo?

Nambari ya chesisi, iliyopigwa shingoni chini ya usukani, ililingana na ya logibuku. Nikapumua. Kisha nikasoma mahali pa mwenye mali: majina mawili, lake na la kampuni iliyomkopesha. Siku hizi muuzaji huanzisha uhamisho kwa mtandao wa serikali, nawe mnunuzi unakubali; lakini mkopeshaji asipojiondoa kwanza, umenunua deni la mtu.

"Nitumie kwa M-Pesa sasa, hayo mengine tutamaliza kesho," alisema. "Kuna mwingine anakuja saa kumi."

Nilimwachia huyo wa saa kumi.

Wiki iliyofuata alinipigia: amepunguza shilingi 20,000. Nilimwuliza kama lile jina la pili limeondoka. Alisema atanijulisha.

Bado nangoja, na karo imelipwa.