Boga la Nazi la Kerege

Ukiondoka Dar es Salaam kwa barabara ya Bagamoyo, ukakipita kiwanda cha saruji cha Wazo, ukavuka Boko na Bunju, unauaga mkoa mmoja na kuingia mwingine pasipo kuona dalili yoyote ila kibao cha barabarani. Mbele yako ni Mapinga, na baada ya Mapinga ni Kerege. Abiria wengi waendao Bagamoyo hupita hapa wakisinzia, maana fikra zao zimekwisha tangulia kwenye magofu ya Kaole na samaki wa mnadani. Kerege haina gofu la kumsimamisha mgeni. Hata hivyo, mwandishi wa makala haya huteremka hapo kila apatapo nafasi, kwa kuwa hapo ndipo anapoishi shangazi yake, na kwa shangazi ndiko liliko boga la nazi.

Safari hii, ndugu msomaji, sikupelekwa na boga. Nilitumwa na kaka zangu wawili nikazungumze na shangazi juu ya kiwanja. Walinichagua mimi kwa sababu alinilea, wakaamini kwamba neno ambalo wangelisema wao likaonekana ukosefu wa adabu, nikilisema mimi litasikika. Nikalibeba neno hilo mkobani pamoja na kilo mbili za sukari, majani ya chai, na paketi mbili za tui la dukani.

Wanaoijua Kerege ya leo wanajua kwa nini kiwanja kimekuwa jambo la kuzungumzwa. Katika miaka ya 1960 mahali hapa palikuwa mojawapo ya makazi ya majaribio yaliyoanzishwa na serikali baada ya Uhuru, na mpaka leo mikorosho ni mingi. Lakini mji umekuwa ukitembea kuja kaskazini, na tangu lami ilipofika umekuwa ukikimbia. Mahali ambapo nilipokuwa mtoto tuliokota korosho, sasa pana kuta za matofali, na nyuma ya kuta hizo mara nyingi hamna nyumba, ila nyasi na jina la mwenye mali. Kiwanja cha shangazi kiko hatua chache kutoka barabarani. Si kikubwa. Kina nyumba ya vyumba vitatu, kisima, mikorosho miwili, na minazi.

Juu ya minazi hiyo sina budi kueleza kidogo. Babu yetu alipanda kumi na mmoja. Hapa Pwani, tangu zamani, mti ulikuwa na mwenyewe hata kama ardhi ilikuwa ya mwingine, na mtu aliweza kumrithisha mwanawe mnazi pasipo kumrithisha shamba. Shangazi alipewa minazi kabla ya kupewa kiwanja. Kisha ukaingia ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao umeitesa minazi ya mwambao huu kwa muda mrefu na ambao ulikuwa miongoni mwa maadui wa Mpango wa Taifa wa Kuendeleza Minazi ulioanza 1979. Vijidudu vyake huishi ndani ya mishipa ya mti. Kwanza nazi changa hupukutika. Halafu maua hugeuka meusi, makuti ya chini yakawa ya manjano, mwisho kichwa chote huanguka na kuacha nguzo tupu iliyosimama kama mlingoti wa jahazi lisilo na tanga. Hakuna dawa ya kumrudishia uhai mnazi uliokwisha shikwa. Kati ya minazi kumi na mmoja ya babu, imebaki minne.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda? Weka mkoba, kuna boga."

Paketi za tui alizitazama mbele na nyuma, akauliza bei, akaziweka juu ya kabati karibu na viberiti. Hazikutajwa tena. Badala yake akanivutia mbuzi, akanipa nazi mbili zilizokwisha vunjwa, naye akaketi juu ya mkeka kulikata boga.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wameniuliza mara kwa mara juu ya kitoweo cha pembeni chenye utamu, kisichohitaji nyama wala jiko la gharama. Basi, hili ndilo nililoliona jikoni mwa shangazi yangu, nami nimelipika mara tatu tangu nirudi.

Boga lilikuwa la kienyeji, gumu, la rangi ya machungwa ndani, la kadiri ya kilo moja baada ya kutolewa mbegu. Ganda hakulimenya. Ganda ndilo linalokishika kipande kisivunjike, na likiiva huliwa. Alivikata vipande vyenye ukubwa wa kiberiti, akaviosha, akavipanga sufuriani ganda likiwa chini. Mbegu alizitandaza juu ya ungo, nyingine za kukaanga, nyingine za kupanda masika yakifika.

Nazi zikakunwa. Machicha yakamiminiwa maji ya vuguvugu kiasi cha kikombe kimoja, yakakamuliwa, tui zito likachujwa kwa kifumbu na kuwekwa kando. Yakamiminiwa maji tena, vikombe viwili, likatoka tui jepesi. Hapa ndipo waanzao upishi hukosea. Hulimimina tui zito mwanzoni, likachemka mno hata likakatika, wakabaki na mafuta juu na maji chini. Boga huivishwa kwa tui jepesi pamoja na chumvi kidogo, robo ya kijiko cha chai. Linapokuwa laini kiasi cha kuchomeka kwa kijiti, na lile tui jepesi limepungua hata karibu kwisha, ndipo liingiapo tui zito, vijiko vinne vya sukari na punje tano za iliki zilizotwangwa.

Tangu hapo sufuria haifunikwi, na moto hupunguzwa. Shangazi aliondoa kuni mbili kati ya tatu.

"Mwiko weka chini," akaniambia. "Ukikoroga utapata uji wa mgonjwa."

Badala ya kukoroga, alishika sufuria kwa vipande viwili vya kitambaa na kuitikisa kwa duara, kila baada ya muda mfupi, tui likapanda na kushuka juu ya vipande. Maji ya tui yanapopungua, sukari huzidi kuwa nzito, mafuta ya nazi hujitenga kidogo, na hivyo viwili hulivika boga utando mwembamba unaong'aa kana kwamba limepakwa asali. Kuna dakika moja tu ya kuliondoa motoni. Ukiwahi, utapata mchuzi. Ukichelewa, sukari itaungua na kuwa chungu. Dakika hiyo shangazi huijua kwa sikio. Mchemko hubadilika sauti, ukaacha kububujika na kuanza kutatarika.

Ilikuwa katika kungojea sauti hiyo ndipo nilipolitoa neno la kaka zangu. Nilisema bei iliyotajwa. Nilisema kwamba kuna chumba kwa kaka mkubwa, na zahanati iko karibu, na kwamba umri haurudi nyuma. Yote hayo yalikuwa kweli, nami nilikuwa nimeyapanga vizuri ndani ya daladala. Shangazi hakugeuka.

"Na minazi wameihesabu mingapi?"

Nilimwambia kwamba mnunuzi anataka kiwanja, na miti angeilipia fidia kwa hesabu ya miti.

"Mingapi?"

"Minne, shangazi."

Akaitikisa sufuria. "Uliyoketi chini yake ulipofika hukuuona?"

Nikatoka kwenda kutazama. Karibu na kisima, pale nilipotua mkoba, palikuwa na mche wa mnazi uliofika magotini, umezungushiwa miba ya mlimau ili mbuzi wasiule. Mnazi wetu mrefu wa asili huchukua miaka sita au saba, na pengine zaidi, kabla ya kuzaa. Shangazi yangu amepita miaka sabini. Nilisimama pale mpaka niliposikia sufuria ikitua chini.

Tulikula boga pamoja na wali na kipande cha nguru wa kukaanga. Utamu wake hukaa vizuri kando ya chumvi ya samaki. Katika mwezi wa Ramadhani huliwa peke yake, kwa chai, wakati wa kufuturu. Kiwanja hakikutajwa tena, wala mimi sikuthubutu kukirudia. Alinisimulia juu ya jirani aliyeuza, akajenga mbali zaidi, na sasa hununua nazi sokoni. Hakusema kwamba jirani huyo alikosea. Alitaja bei ya nazi tu.

Jua lilipoanza kushuka alinijazia boga katika bakuli lake la bati lenye maua mekundu, akalifunika kwa kawa, akalifunga kwa khanga.

"Wapelekee kaka zako. Wakishakula, bakuli langu waniletee wao wenyewe. Usiliete wewe."

Ndani ya daladala nililipakata mpaka Makumbusho, na harufu ya iliki ikawafanya abiria wawili waniulize nimebeba nini. Kaka zangu walilimaliza usiku ule ule, wakiwa wamesimama, kwa vidole. Ninapoandika makala haya bakuli limekwisha oshwa na lipo mezani kwa kaka mkubwa. Amesema atalipeleka Jumapili.