Watoto wa Maskati Hucheza Usiku

Shangazi alianza kutupa ratiba kabla hata hajauliza habari za Unguja. Tulikuwa ndani ya gari lake, tumetoka uwanja wa ndege saa nne na ushei za usiku, watoto wangu wawili nyuma wamekodoa macho. "Wanao hawatoki nje toka saa tatu asubuhi mpaka Alasiri," alisema huku akiendesha. "Baada ya Alasiri watakaa kivulini. Maghribi ikishaadhiniwa, waachie."

Tukaupita mnara wa Burj al Sahwa, uliosimama katikati ya njia mithili ya mlinzi wa mji. Kwenye nyasi za kando ya barabara familia zilikuwa zimetandika mikeka, chupa za chai zimekaa katikati, na watoto wakikimbizana chini ya taa, wengine wadogo wa kuanza kutembea. Mwanangu wa kiume akauliza kama kesho ni Idi. Swali lake lilikuwa na haki. Kwetu Unguja mtoto akionekana uwanjani saa zile, basi ni sikukuu, tupo Mnazi Mmoja au kwenye pembea za Kariakoo, na nguo mpya mwilini. Shangazi akacheka. "Idi ya nini, mwanangu? Leo Jumanne tu."

Ilikuwa Juni, likizo ya skuli kwetu, na Juni ndiyo mwezi ambao wenye uwezo Maskati hujaribu kuukimbia. Mji wenyewe ni mrefu na mwembamba, umebanwa baina ya bahari na milima ya Hajar. Milima hiyo ni miamba myeusi mitupu, haina hata kichaka cha kusitiri mbuzi. Mchana kutwa miamba hunywa jua, na usiku hulitoa polepole juu ya nyumba nyeupe zilizo chini yake. Bahari nayo haisaidii kama mtu wa pwani anavyotarajia, maana huleta unyevu unaolifanya shati ligande mgongoni saa tano za usiku. Mji mdogo wa Quriyat, ulio pwani hiyo hiyo kusini-mashariki mwa Maskati, uliingia katika rekodi za dunia tarehe 26 Juni 2018. Kwa saa 24 nzima kipimo hakikushuka chini ya nyuzi 42.6. Hiyo ndiyo iliyokuwa baridi ya siku ile.

Kwa hiyo mchana wa Maskati ni wa ndani. Sheria ya Oman inakataza kazi za nje kwenye jua kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, Juni mpaka Agosti. Ikiwa fundi mzima mwenye misuli anaambiwa aweke chini nyundo, mtoto ana hoja gani ya kutoka? Asubuhi zetu za mwanzo zilipita sebuleni kwa Shangazi, kiyoyozi kinavuma, watoto wameugeuza ukumbi kuwa kiwanja cha mpira na mito ya makochi kuwa magoli. Siku moja walipelekwa Mall of Oman, ambako kuna ukumbi wa theluji ya kutengeneza, na watoto waliovaa makoti mazito huteleza humo huku nje lami inalainika. Walifurahi, siwezi kukanusha. Lakini waliporudi, binti yangu aliniuliza, "Mama, watoto wa hapa wanacheza wapi bure?"

Jibu lilikuwa Qurum. Bustani ya Qurum ipo katikati ya mji, ina ziwa la kutengeneza, chemchemi, bustani ya mawaridi, njia za kutembea na viwanja vya watoto. Tulifika jua likiwa bado limesimama, kwa sababu Shangazi alitaka tupate nafasi nzuri ya kutandika. Kwa mara ya kwanza nikaona uwanja wa michezo uliojaa vifaa na usio na mtoto hata mmoja. Pembea zimetulia. Mtelezo wa plastiki unang'aa. Familia zote zimekaa pembeni, chini ya miti, zinangoja kama watu wanaongoja meli.

Mjukuu wa Shangazi, msichana wa miaka kumi, alitufundisha kanuni yake. Alinyoosha mkono, akaugusisha mtelezo mgongo wa kiganja chake, akauondoa haraka. "Bado," akasema, akarudi mkekani. Hakuambiwa na mtu mzima. Watoto wa pale hufanya hivyo kama wetu wanavyotazama juu kabla ya kukaa chini ya mnazi. Wanayo sababu. Watafiti waliopima viwanja vya watoto huko Arizona, Marekani, jangwa jingine lenye miji, walikuta mpira mweusi unaotandikwa chini ili mtoto akianguka asiumie unapita nyuzi 80 ukipigwa na jua. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu, na mwili wake upo karibu zaidi na ardhi inayofuka. Kile kilichowekwa kumlinda na kuanguka ndicho kinachoweza kumbabua. Palipofunikwa kwa kivuli, mpira huo huo hupoteza makali yake. Nilipoitazama tena kazi ya mafundi wa bustani ile nikaelewa kwa nini baadhi ya viwanja vimetandazwa mchanga, na kwa nini juu ya vingine wamevuta turubai kubwa kama tanga la jahazi. Pale Maskati kifaa cha kwanza cha mchezo ni kivuli, na pembea hufuata nyuma.

Kivuli chenyewe kina gharama. Wanangu waliitambua miti miwili waliyoizoea kwetu: mwarobaini, na mkungu wenye majani mapana, uleule wanaookota kungu chini yake skulini kwao. Waliushangilia kana kwamba wamekutana na jirani. Lakini chini ya shina palikuwa na kitu ambacho mkungu wa kwetu hauna: mrija mweusi wa plastiki, mwembamba kama kidole, unadondosha maji tone kwa tone. Nikaufuata kwa macho. Ulitoka kwenye mti ule kwenda mti wa pili, kisha kwenye ua wa mawaridi, kisha ukapotea kwenye nyasi. Kila kijani nilichokiona kilikuwa kimefungwa kwenye mrija.

Mtunza bustani mmoja kutoka Bangladesh alikuwa amechutama anabadilisha kiungo kilichopasuka. Shangazi akamsemesha kwa mchanganyiko wa Kiarabu na Kihindi ambao kila mtu Maskati anaujua kidogo. Akasema mrija ukiziba kiangazi, nyasi hugeuka rangi ndani ya siku chache. Mvua si ya kutegemewa; huja mara chache kwa mwaka, na ikija huenda ikaja kwa hasira na kujaza mabonde. Maji ya kunywa ya mji hutolewa chumvi baharini. Kazi hiyo ilianza katika mtambo wa Ghubrah miaka ya 1970. Maji ya gharama namna hiyo hayamwagwi kwenye nyasi. Bustani hunyweshwa maji taka yaliyosafishwa. Maji waliyoogea watu asubuhi huzunguka, husafishwa, hurudi kwa njia ya mrija, na jioni huwa zulia ambalo mtoto wa mtu anagaagaa juu yake. Nilipomweleza mwanangu, alizinusa nyasi kwa tahadhari, kisha akaendelea kupiga pindu.

Mti pekee ambao haukunionesha mrija ulikuwa ghaf, mti wa asili wa nchi ile, wenye vijani vidogo na matawi yaliyoinama. Mizizi yake huzama mbali kuyafuata maji yenyewe. Kivuli chake si kizito kama cha mwembe, kimetoboka-toboka, lakini hakimgharimu mtu hata senti.

Jua lilizama karibu na saa moja. Adhana ikapita juu ya bustani, wanaume wakajipanga safu kwenye nyasi, na waliposalimu tu, viwanja vikajaa. Sijui watoto wale wote walikuwa wamefichwa wapi. Pembea zilianza kulia zote kwa pamoja. Baiskeli, mipira, vigari vya watoto wachanga, mabinti wa kanga za vichwani na wavulana wa kanzu zilizofungwa kiunoni ili miguu ikimbie. Familia za Kihindi zilifungua vyombo vya chakula vya ghorofa, za Kimisri zilikuja na tikitimaji zima, na Waomani walimimina kahawa ndani ya vikombe visivyo mkono, tende zikiwa mbele.

Na Kiswahili kikatokea. Mkeka wa jirani bibi mmoja alimgombeza mjukuu wake: "Hebu njoo hapa, we mtoto, utaanguka!" Lafudhi ya mji wa Unguja mtupu, Malindi au Vuga. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akageuka kwa nguvu. "Marahaba! Wa nani wewe? Wa wapi?" Katika dakika chache tulikuwa tumeshapata ndugu wawili wa pamoja na kufarakana juu ya njia sahihi ya kupika boko-boko. Wengi wa rika lake walihamia Oman kutoka Zanzibar, hasa baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita wenye asili ya huko, na lugha wakaja nayo. Wajukuu wanawaelewa, wanawajibu kwa Kiarabu. Lakini wanangu na wale wajukuu hawakuhitaji tafsiri kupanga zamu za pembea. Nilipokwenda kununua mishkaki kwa kijana aliyekuwa akipepea makaa nje ya bustani, nikaomba kwa Kiswahili kwa mazoea tu, naye akanielewa bila shida, kwa kuwa jina la chakula hicho pale ni hilo hilo.

Siku zilizofuata tulikuwa wanafunzi wazuri wa saa. Alfajiri, kabla jua halijapata nguvu, tulikwenda kando ya Qurum palepale, ambako pamehifadhiwa msitu wa mikoko unaokutana na bahari. Tangu 2013 eneo hilo limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Miti ni michu, ile ile inayoota kwetu Chwaka. Binti yangu alihesabu kaa, mwanangu alimfuata korongo kwa macho mpaka akaruka. Niliwaambia kwamba zamani majahazi yalikwenda mpaka Lamu na Rufiji kuchukua boriti za mikoko ili kuezekea nyumba za nchi hii, kwa kuwa hapa miti ya kujengea ilikuwa adimu. Saa mbili na nusu tulikuwa tumesharudi ndani.

Usiku mmoja tulikwenda Riyam, bustani ndogo baina ya Matrah na Maskati ya kale, inayojulikana kwa chetezo kikubwa cheupe kilichojengwa juu ya kilima. Ipo karibu na bahari, upepo unafika, na watoto hupanda ngazi kwenda juu wakidhani wataukuta moshi wa udi. Hakuna moshi, ila kuna taa za bandari ya Matrah zote zimetandazwa chini. Nikaona kwamba akina mama wanaojua kuchagua hawaulizi bustani ipi ina pembea nyingi. Wanauliza ipi ina upepo, ipi ina choo safi kilicho karibu, ipi ina maji ya kunywa ya baridi, na wapi pa kuegesha gari bila kumtembeza mtoto juu ya lami.

Shangazi alitupeleka pia nje ya mji, Birkat al-Mouz, chini ya milima, tuone falaj ya Al-Khatmeen, mmoja wa mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji hutoka chini ya ardhi na kutiririka kwa mteremko peke yake, bila pampu, mpaka kwenye mashamba ya mitende, na kila mwenye shamba ana fungu lake linalopimwa kwa muda. Zamani walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa, na usiku kwa nyota. Watoto wa kijiji walikuwa wamekaa ndani ya mfereji, miguu imezama, wakirushiana maji chini ya mitende, na wangu hawakungoja kualikwa. Hapo nikaona kwamba mrija wa Qurum una babu. Watu wa nchi hii walijua tangu zamani kwamba maji na kivuli hugawiwa kwa saa, na kwamba anayepanga saa hizo ndiye anayeamua nani atakaa wapi. Manispaa imeongeza taa na pembea tu.

Mtu wa kwetu akiniuliza kama ampeleke mtoto Maskati, namwambia aende, na kama ana hiari aende baina ya Novemba na Machi, bustani zinapokuwa tamu hata asubuhi. Kama ni Juni, abebe kofia, chupa za maji, nguo za pamba, na asahau saa za kulala alizozizoea. Mtoto atalala mchana na kucheza usiku.

Nikirudi kwetu ndipo moyo unapouma. Tunasafisha kiwanja kwa tingatinga, tunang'oa mwembe kwa kuwa "unaziba," tunamwaga zege, kisha tunafunga mtelezo wa plastiki katikati ya jua na kupiga picha za ufunguzi. Kivuli chetu hakiletewi bili ya maji mwisho wa mwezi, kwa hiyo kwenye kikao cha bajeti hakina wa kukitetea. Maskati wameanza na mrija kwa sababu hawakuwa na hiari. Sisi tunayo: mwembe uliopo ubaki, usiokuwepo upandwe mwaka huu, na pembea ije baadaye, ifungwe chini yake.