Pupula Zilipotengana

Nilipoanza kuhesabu diatomu za maji baridi, kitabu cha utambuzi kilituruhusu kuziweka nyingi chini ya jina Navicula pupula, alilolitoa Kützing mwaka 1844. Ndefu na fupi, zenye ncha butu na zenye ncha zilizovimba, zote zilikuwa pupula. Hoja ya kuziweka pamoja ilikuwa na uzito. Diatomu, mwani wa seli moja, huishi ndani ya ganda la silika lenye vipande viwili, kama kopo na mfuniko wake. Seli ikigawanyika, kila mtoto hurithi kipande kimoja na kujitengenezea kingine kwa ndani. Ndiyo maana kizazi baada ya kizazi wastani wa urefu hupungua, na umbo hubadilika, mpaka uzazi wa kijinsia urudishe ukubwa. Kwa hiyo kila tofauti tuliyoiona tuliihesabu kuwa umri tu.

Kazi za David Mann wa Edinburgh ndizo zilizonifungua macho. Katika bwawa dogo la Blackford, kusini mwa mji huo, namna kadhaa za pupula ziliishi pamoja katika maji yaleyale bila kuchanganya uzazi. Umri hauwezi kueleza jambo hilo. Mwaka 2004 Mann na wenzake walitangaza spishi mpya tano, zikiwa ndani ya jenasi Sellaphora, ambamo pupula ilikuwa imehamishiwa. Miongoni mwake S. capitata, S. obesa na S. blackfordensis. Niliisoma makala ile usiku kucha, na kesho yake nikazitoa slaidi zangu kabatini.

Tangu hapo urefu nauangalia mwisho. Naanza na upana, ambao hubadilika kidogo kuliko urefu, kisha nahesabu mistari ya ganda katika mikroni 10, kwa lenzi ya mafuta, ukuzaji wote wa hadubini ukiwa mara 1,000. Seli moja peke yake siiamini. Napiga picha za kundi zima na kuzipanga kutoka ndefu hadi fupi, maana kila spishi husinyaa kwa njia yake. Mifuatano miwili isipokutana popote, nina sababu ya kuuliza zaidi.

Siku hizi jeni ya rbcL husomwa maabara na kutenganisha zile ambazo jicho linasita kuzitofautisha. Naifurahia kazi hiyo. Lakini slaidi za miaka iliyopita zina maganda matupu, yaliyochemshwa kwa hidrojeni peroksaidi hadi kila kilicho hai kikaisha. Hizo ni za jicho, nami bado nazihesabu upya.